Wakuu msaada: faili la DTS lina kori 4, mashine inaamsha moja tu, na Ijumaa naprizenti

Kijana_wa_Ziwa
Habari za jioni wakuu. Naombeni mnisaidie, nimekwama siku ya nne leo na usingizi umekata. Niko mwaka wa mwisho, proji yangu ni kuigiza kompyuta yenye prosesa ya ARM ya kori nyingi (vile vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) kwenye QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, mashine yake ile ya virt, halafu naendesha programu ya kuzidisha matriki nione kasi inavyopanda nikitoka kori moja kwenda mbili kwenda nne. Faili la DTS lile la kuielezea mashine ninalo, lina cpu@0 mpaka cpu@3, nikilikompaili kwa dtc linatoa DTB, ile ya kusomwa na mashine, bila kulalamika, Linux inawaka vizuri tu ila nikiandika nproc, komandi ya kuhesabu kori, inajibu 1. Moja! Na wakati wa kuwaka inaganda kidogo, inaendelea, inaganda tena.

Nimebadilisha kerneli (kiini cha Linux) mara mbili, bando limeisha nimekopa. Swali langu ni moja tu: kuna namna ya kuilazimisha kerneli ione kori zote 4? Natanguliza shukrani.

Sele Mashine Used
Mkuu laptopu gani hiyo? Kama ni ya kori mbili utateseka bure, nina mzigo mpya umeingia toka Dubai, bei ya kuongea, njoo inbox.

Kijana_wa_Ziwa
Ni ya kori 2, RAM 4GB. Lakini kaka tatizo sio laptopu, QEMU inaigiza kori kwa programu, hata nane zinakubali kwenye laptopu ya kori mbili.

Mzee Soketi
Vijana hili faili mnalichukulia kama fomu ya kujazajaza. Kerneli ya ARM ikiamka haijui chochote kuhusu nyumba iliyoamkia. Kwenye PC kuna ACPI, majedwali yanayoiambia kerneli kuna nini, na vifaa vya PCI vinavyojitaja vyenyewe, huku lazima uiambie memori inaanzia wapi, siriali iko anwani gani, kori ni ngapi. Zamani kila bodi ilikuwa na kodi yake ya C ndani ya kerneli, ukawa uchafu mtupu mpaka Linus Torvalds mwenyewe akaja juu hadharani mwaka 2011, ndio watu wa ARM wakahamia divaisi trii, ndiyo hiyo unayoandika kwenye DTS, ambayo wenzao wa PowerPC walikuwa nayo tangu enzi za Open Firmware.

Mimi 2014 nilikesha usiku mzima na bodi ya kori mbili, inawaka na moja. Nimebadilisha pawa saplai, nimebadilisha kadi ya memori, mke wangu anapiga simu nasema nakuja nakuja, kumbe nilikopi cpu@0 nikabandika nikabadilisha jina tu kuwa cpu@1, reg ndani, yaani namba ya kori, bado ni 0. Kerneli ilikuwa inaniandikia kabisa kwamba reg imejirudia, mimi logi sisomi. Angalia reg zako kijana.

Kijana_wa_Ziwa
Shikamoo mzee. Reg ziko sawa, 0, 1, 2, 3. Nimehakiki mara mbili.

Bint_Pangani
Tusikisie. Leta vitu vitatu: komandi yote unayowashia QEMU, logi ya kuwaka, na kipande cha cpus kutoka kwenye DTS.

Kijana_wa_Ziwa
Logi hii hapa dada:

psci: probing for conduit method from DT.
psci: PSCIv1.1 detected in firmware.
smp: Bringing up secondary CPUs ...
CPU1: failed to come online
CPU1: failed in unknown state : 0x0

CPU2 na CPU3 hivyohivyo, halafu inamalizia kwa kusema imepata CPU moja tu.

Bint_Pangani
Nimeomba vitatu umeleta kimoja.

Kijana_wa_Ziwa
Faili siwezi kulianika lote jukwaani, ni proji ya watu jamani. Mimi nilitaka tu kujua kama kuna seting ya kulazimisha, naona wengine wanaongelea maxcpus.

Kobe_Mwendo
Faili la kori nne limekuwa siri ya taifa 😂😂 mkuu ukienda kwa daktari unafunua mdomo.

Bint_Pangani
maxcpus ni ya kupunguza, haiongezi. Na wewe faili lako unaliongelea kama la jirani. Uliliandika wewe?

Kijana_wa_Ziwa
Dah. Basi niseme ukweli ila naomba msinitukane.

Faili sikuandika mimi. Kuna fundi mmoja huwa anatusaidia wanafunzi hapa mjini, tulikubaliana laki na nusu, nusu nimempa kwenye boom, nusu kazi ikiisha. Alinipa DTS, kodi ya matriki, na grafu ya matokeo. Ile grafu nimeshaiweka sura ya nne, inaonyesha kori nne zinakimbia mara 3.9 kuliko moja. Supavaiza ameisoma akaisifia. Juzijuzi akasema Ijumaa niwashe mbele ya jopo waone kwa macho. Ndio nikajaribu kuwasha mwenyewe kwa mara ya kwanza, ikatoa 1. Fundi nikimpigia anasema kwake inafanya kazi.

Sioni kama nimeiba, nadharia nimeisoma na kuielewa, na dunia nzima inajulikana kori nne zinakwenda karibu mara nne. Nikipata nproc itoe 4 basi mambo yameisha, sura ya nne sitaki kuigusa.

Mama Ashura
Mwanangu. Nina kijana rika lako chuoni na namlipia ada kwa kuuza vitambaa. Nikisikia kampa mtu pesa ya mkopo amfanyie kazi aliyopelekwa kujifunza sijui ningelala vipi. Hayo mambo ya kori siyajui, ila unasema unataka mashine iseme nne ili ile karatasi ya uongo ionekane kweli. Mwambie mwalimu wako kabla ya Ijumaa. Akikufokea atakuwa anamfokea mtu mzima.

Kobe_Mwendo
Mama maadili yasubiri, dogo atasapu. Nusu ya darasa wanapiga desa na wanavaa joho.

Roysambu_Kernel
Niaje kutoka Nairobi. Hiyo 3.9 hata kabla hujawasha kitu inanuka. Fanya hesabu ya Amdahl, ile ya kukadiria kasi inapanda mpaka wapi ukiongeza kori: kwa kori nne, kupata 3.9 inamaanisha sehemu ya programu isiyogawika ni chini ya asilimia 1. Ikiwa asilimia 5 pekee haigawiki unashuka mpaka kama 3.48, ikiwa 10 unapata 3.08. Na hapo ni kwa mashine halisi yenye kori nne, si laptopu ya kori mbili. Jopo likiwa na mtu mmoja anayejua kazi atakuuliza swali hilo kwanza.

Mpiga_Msasa
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Logi yenyewe inasema PSCI imepatikana. Kwenye virt PSCI ndiyo inayoamsha kori. Kama ipo na inaongea na kerneli, zingewaka zote. Huyu kaokota mistari miwili huku mitatu kule, akaongezea fundi na supavaiza na boom tumwonee huruma.

Kobe_Mwendo
Aisee. Na mimi nilishtuka aliposema nproc "inajibu 1. Moja!" kama tamthilia.

Sele Mashine Used
Nilijua. Mtu mwenye shida kweli angekuwa ameshakuja inbox.

Mzee Soketi
Kama ni chai basi kijana umenifanya nikumbuke mwaka mgumu bure.

Kijana_wa_Ziwa
Saa nane usiku hii wakuu, ningekuwa natunga ningetunga kitu chenye faida kwangu. Haya, hiki hapa kipande, zote nne ziko hivi, namba ya kori na hiyo anwani ya mwisho tu ndizo zinabadilika:

cpu@1 {
  device_type = "cpu";
  compatible = "arm,cortex-a72";
  reg = <1>;
  enable-method = "spin-table";
  cpu-release-addr = <0x0 0xe0>;
};

Komandi: qemu-system-aarch64 -machine virt -cpu cortex-a72 -smp 2 -m 1G -dtb proji.dtb, halafu kerneli na initrd. Kama bado mnaona ni chai basi.

Bint_Pangani
Sio chai. Mpiga_Msasa, umeona kitu sahihi ukatoa hukumu siyo.

Huyo fundi alitoa DTS ya virt kutoka QEMU yenyewe, kwa hiyo nodi ya psci (kipande chake ndani ya DTS) imebaki na kerneli ikiwaka inaikuta, ndio maana ya ile mistari miwili ya kwanza. Halafu akakata cpus nzima ya Raspberry Pi 4 akabandika juu. Hizo 0xd8, 0xe0 ni za kule. Uwepo wa nodi ya psci hausaidii kitu, kila kori inaamshwa kwa njia iliyoandikwa kwenye enable-method yake.

Kwenye spin-table kori zote zinakuwa tayari ziko macho, zinazunguka zinachungulia anwani moja ya memori, kori 0 ikiandika pale pa kuanzia zinaruka. Kwenye virt kori nyingine zimezimwa kabisa mpaka kerneli iombe kwa PSCI. Kwa hiyo kerneli yako iliandika ujumbe huko chini kwenye 0xe0, ambako kwenye virt hata RAM hakuna, ni flashi, RAM inaanzia 0x40000000, ikakaa inasubiri sekunde 5, kimya, ikaenda kori inayofuata. Ndio ule ugandaji. Ulikuwa unapiga hodi nyumba isiyo na mtu.

Futa mistari yote ya cpu-release-addr, na enable-method iwe "psci" kwa zote nne. Reg usiguse.

Kijana_wa_Ziwa
Dada Mungu akubariki!! Ila sasa nproc inatoa 2. CPU1 imewaka, CPU2 na CPU3 zinasema psci: failed to boot na namba -22. Haigandi tena.

Roysambu_Kernel
Buda, -smp 2. DTS yako inasema kori nne ila QEMU umeiambia iunde mbili. Kerneli inaomba kori ya tatu iwashwe, inajibiwa hiyo haipo.

Kijana_wa_Ziwa
Fundi aliniambia niache 2 kwa sababu laptopu ni kori 2. Nimeweka 4. IMEKUBALI. nproc 4!!! Nimepiga kelele mpaka mwenzangu wa chumbani kaamka.

Mpiga_Msasa
Nafuta maneno yangu kuhusu logi. Ila na wewe ungeleta kipande mwanzo tusingefika hapa.

Bint_Pangani
Ukipata nafasi ifanye upya kwa mkono wako. Washa QEMU na -machine virt,dumpdtb=virt.dtb ikiwa na -smp 4, ikitoa faili ligeuze kwa dtc liwe DTS ulisome. Hiyo -smp 4 usiisahau, ukiitoa ikiwa na kori moja mstari wa enable-method hauandikwi na utarudi hapa kulia.

Kijana_wa_Ziwa
Sawa dada. Kwa hiyo Ijumaa naonyesha nproc 4 naendelea na grafu yangu, si ndiyo?

Roysambu_Kernel
Hapana. Wakisema "sasa endesha hiyo matriki" utafanya nini? Tangu QEMU 2.9 ya 2017 kila kori ya kuigiza inaendeshwa na thredi yake juu ya kori za laptopu yako. Una kori mbili za kweli. Hizo nne zitagawana mbili, 3.9 haitoki hata ukeshe. Isitoshe QEMU imejengwa iendeshe programu kwa usahihi, haijali prosesa halisi ingechukua mizunguko mingapi, kache haiigizi. Mambo ya muda wa prosesa nenda gem5, simuleta ile iliyozaliwa 2011 kutoka M5 na GEMS, lakini kwa RAM 4GB na siku tatu usiianze. Ukiwa nayo siku moja, buti kwa CPU nyepesi ya atomic, weka chekipointi, ndipo uhamie kwenye CPU ya kina, la sivyo utakaa masaa unatazama Linux inawaka.

Kijana_wa_Ziwa
Lakini supavaiza ameshaisifia kaka. Nikimwambia leo ataona nimemdanganya muhula mzima.

Mama Ashura
Kwani hukumdanganya?

Bint_Pangani
Pima kwanza mwenyewe. Kori 1, 2, 4, kila moja mara kadhaa, funga brauza. Halafu tuongee.

Kijana_wa_Ziwa
Nimepima tangu asubuhi. Kori 1 sekunde 130. Kori 2 sekunde 69. Kori 4 sekunde 66. Nimerudia mara tano kila moja, zinacheza kidogo tu. Kwa hiyo mara 1.97 na hapo nimebembeleza.

Nimekaa naitazama hii 66 kwa muda mrefu. Ile sura ya nne nilikuwa naweza kuisoma bila kuona kitu, hii nikiulizwa najua kwa nini imeishia hapo. Nimefuta grafu. Naandika upya kwamba nimejenga na kuhakiki maelezo ya mashine ya kori nne, na vipimo vya muda vimefungwa na kori mbili za laptopu. Supavaiza yuko ofisini kesho saa tatu, nitaingia na DTS zote mbili, ya zamani na mpya, nimwambie na habari ya fundi.

Jopo likiniuliza kwa nini sikutumia simuleta ya kupima muda nijibu nini?

Roysambu_Kernel
Jibu hivyohivyo ulivyoandika hapa, na useme gem5 ndiyo hatua inayofuata.

Mzee Soketi
Na usiseme "faili". Sema divaisi trii, uwaeleze mstari kwa mstari kile kipande cha cpu@1. Wakikuona unakijua watakuachia nafasi ya kupumua.

Kijana_wa_Ziwa
Sawa mzee. Fundi kapiga simu mara mbili anadai nusu yake iliyobaki. Sijapokea, niko kwenye cpu@1.