Mama macho yamepungua, sasa anaona watu ambao hawapo. Kuna mtu amepitia hii?

MtotoWaMwisho

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa mawazo maana hapa nyumbani tumekwama. Mama yangu ana miaka 78, macho yake yamekuwa yakipungua taratibu, daktari alituambia ni retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ile sehemu ya katikati imechakaa kwa sababu ya umri na ni macho yote mawili. Kusoma hawezi tena na sura ya mtu haijui mpaka umsemeshe, hilo tulishaanza kulizoea. Sasa jioni moja tumekaa wawili tu sebuleni akaniuliza kwa sauti ya chini, hawa watoto wamekuja na nani? Nikamwambia watoto gani mama, akasema hao hapo mlangoni wamevaa kofia. Hakuna mtu! Nilipombembeleza ndo akafunguka kwamba ni muda sasa anawaona, na siku zingine ukuta mzima unajaa vijimraba kama wavu, alikuwa anaficha tusije tukasema amechanganyikiwa.

Shangazi anataka apelekwe kuombewa, kaka anasema uzee umeshapanda kichwani tutafute mtu wa kumlinda muda wote. Mimi nakaa naye kila siku na kichwa chake kiko sawa, namba za simu za watu anazo kichwani, hela anahesabu mwenyewe, hadithi hakurudii mara mbili.

Na kingine, kuna ndugu wanasema anajifanya haoni, kisa aliokota kifungo cha shati sakafuni wakati huohuo mimi nimesimama mbele yake anauliza we nani. Hii inawezekanaje jamani?

NuktaSita

Dada pole, ila pumua kwanza. Mimi sioni, glakoma, ule ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, ilinimaliza nikiwa mtu mzima, na hicho anachokiona mama na mimi nimekipitia. Kina jina, kinaitwa sindromu ya Charles Bonnet. Huyo Bonnet alikuwa mwanasayansi wa Uswisi, mwaka 1760 aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee ambaye macho yalikuwa yameharibika akawa anaona watu, ndege, magari ya farasi na majumba, na akili yake timamu kabisa anajua fika havipo. Yani jambo limeandikwa zaidi ya miaka 250 iliyopita na bado leo watu wanakaa nalo kimya kwa kuogopa kuitwa vichaa, hii huwa inaniuma sana.

Inavyotokea ni hivi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona ilizoea kupokea picha kutoka machoni toka mtu anazaliwa, macho yakiacha kuleta au yakileta kidogo, yenyewe inaanza kutengeneza za kwake. Ni kama mtu aliyekatwa mguu na bado anausikia unawasha. Wengine wanaona nyavu, matofali, mapambo mapambo, wengine sura za watu, wengine watu wadogo wamevaa mavazi ya ajabu. Mimi yalikuwa majani, kijani kibichi, nikiinamia sahani naona majani yamefunika chakula na nikigusa ni chakula tu. Yalikuwa yanaonekana vizuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nakiona kwa macho yale yaliyobaki, na hapo ndo mtu anaogopa.

Muulize mama kitu kimoja, hao watoto wanaongea? Picha za Bonnet hazina sauti, hazina harufu, hazigusiki.

Vya kujaribu vikianza: washa taa kama chumba kina giza giza maana zinapenda mwanga hafifu na mtu akiwa ametulia hana la kufanya. Ainuke, abadilishe chumba. Apepese macho, au atulize kichwa halafu macho yaende kushoto kulia kushoto kulia kama mara 15 hivi. Au anyooshe mkono aguse pale anapowaona. Kwa wengine zinapotea palepale, kwa wengine hazisikii. Dawa maalumu ya kuziondoa hakuna ila kwa watu wengi zinapungua kadiri muda unavyokwenda, ingawa wapo wanaokaa nazo miaka.

Ya kifungo nawaachia wengine maana mimi ugonjwa wangu ulikuwa kinyume, ulianzia pembeni.

ZamuYaUsiku

Nafanya kazi kliniki ya macho, naongezea kidogo. Kifungo ni rahisi: ugonjwa wa mama unaharibu katikati, pembeni kunabaki. Akikuangalia usoni moja kwa moja sura yako inaangukia palepale palipoharibika, kifungo kilikuwa pembeni ya macho kwa hiyo alikiona. Ndo maana utamkuta anaongea na wewe huku kama anaangalia sikio lako, mwacheni, hapo ndo anakuona vizuri zaidi. Kuna mpaka mafunzo ya kutumia hiyo sehemu iliyobaki, ulizeni huduma ya uoni hafifu mtakapoenda. Watu wanadhani ni kuona au kutoona basi, kumbe wengi wanaoitwa vipofu kuna kitu wanaona, mwanga, umbo, rangi. Kumwita mama muongo kwa sababu hiyo si haki kabisa.

Lakini dada usimalizie hapa mtandaoni, mpelekeni kwa daktari na umwambie hayo ya watoto wa kofia waziwazi. Akianza kusikia sauti, akiamini kabisa hao watu wapo na huwezi kumshawishi, akisahau sahau, akitetemeka au kutembea kwa kukokota, au vikianza ghafla akiwa na homa au baada ya kubadilishiwa dawa, hapo ni kitu kingine kinatakiwa kuchunguzwa. Na akisema anaona miale kama ya radi, vidoa vingi vinaelea ghafla au kivuli kama pazia kinashuka kwenye jicho, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, retina inaweza kuwa inabanduka.

BabaWawili

Sisi mzee wetu alikuwa hivyohivyo, tulichofanya ni kumkubalia tu. Akisema kuna mtu tunasema ndio yupo anaondoka sasa hivi. Ukimwambia mzee hicho anachoona hakipo unamuumiza bure, muache na amani yake.

NuktaSita

Kaka nakuheshimu ila hapo tunapishana. Kama mzee alikuwa amepoteza kumbukumbu hiyo ni habari nyingine, mlimjua nyie. Kwa huyu mama ambaye akili iko timamu ukimwambia ndio yupo unamvuruga, maana mwenyewe anashuku hayupo, na ninyi ndo macho yake ya kuhakikisha. Akiuliza ajibiwe ukweli kwa upole, hapana mama hakuna mtu, ni yale ya macho. Mimi nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba ubongo wangu ni mzima na tatizo ni macho, majani hayakuondoka ila hofu iliondoka na nililala usingizi.

MtotoWaMwisho

Asanteni sana, nimesoma yote nikamsomea na mama. Nimemuuliza, anasema hawajawahi kutoa neno, wamesimama tu, na akiwasha taa wanafifia. Alilia kidogo akasema kumbe kuna wengine. Kliniki tunaenda, nimeshaandika maelezo ya Zamu ili nisisahau.

Sasa kaka bado anataka mama asiingie jikoni kabisa na asitoke nje bila mtu. Mama hataki. Mnashauri nini?

NuktaSita

Mwambie kaka ukimnyang'anya mtu kila kazi ndo unamkalisha kwenye kiti na hapohapo watoto wa kofia wanajaa. Jikoni abaki. Bandikeni alama ya kuvimba kwenye swichi ya jiko pale inapozima, tone la gundi likikauka linatosha, kidole kinalisikia. Vitu viwe vya rangi zinazopingana, maziwa kwenye kikombe cheusi ataona yamefika wapi, kwenye kikombe cheupe atamwaga. Taa iwe karibu na anachofanya, isimpige usoni. Ukingo wa ngazi uwekeeni utepe wa rangi kali. Alafu msimhamishie vitu, kisu kilipokaa kikae hapohapo, milango iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa maana ile ya nusu ndo inatupasua vipaji vya uso. Ukiingia chumbani sema mimi fulani, ukitoka sema natoka, inachosha sana kuongea na mtu kumbe alishaondoka.

Nje atafute mafunzo ya fimbo nyeupe, afundishwe na mtu anayejua, na urefu wa fimbo upimwe kwa mwili wake. Mkitembea naye msimkamate mkono na kumvuta, mwache yeye akushike juu kidogo ya kiwiko, ukitangulia nusu hatua ataisikia ngazi kupitia mwili wako. Simu yake kama ni Android ina TalkBack ndani, mara nyingi ukibana vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja sekunde chache inawaka, itamsomea meseji kwa Kiswahili. Mwanzo itamkera, inasoma kila kinachoguswa, punguzeni kasi na mwanzie kupiga simu tu.

ZamuYaUsiku

Na kaka aende naye kliniki, asisubiri kusimuliwa. Mkiwa pale muulizeni daktari aina ya ugonjwa ni ile kavu au ile yenye unyevu, maana ya unyevu ina sindano za kuzuia isiendelee na kuchelewa kunagharimu macho.