Majirani wa Ploti ya Kona, Free Area

*Jumanne*

Mama Kevo, 18:41: Habarini za jioni wazazi. Ni ile habari ya watoto wetu wa Gredi 2 kutojua kusoma. Ijumaa saa nane tunaenda shuleni. Nani anakuja?

Mama Kevo, 18:58: Watu kumi na wanne mmesoma. Naona alama za bluu.

Mama Kevo, 19:03: [Picha] Hilo ni daftari la Kevo. Nilimwambia aandike "kiti", akaandika "kete". "Kisu" ni "kesu".

Baba Chebet, 19:05: Si kete ni ya bao? Mtoto anataka mchezo 😂

Mama Neema, 19:06: 😂😂

Mama Kevo, 19:09: Chekeni tu. Herufi e ameambiwa inaitwa "ii", na i anaijua kama "ai". Akifika kwa Kiswahili, "baba" anasoma "bii-ei-bii-ei". Majina ya herufi anayo yote, sauti hana hata moja.

Mama Neema, 19:14: Wangu anasoma vizuri. Ukurasa mzima wa kuku na vifaranga.

Mama Kevo, 19:15: Funika picha na mkono halafu asome.

Mama Neema, 19:31: Aki. Nimefunika picha, akaendelea. Nimefunga kitabu kabisa, bado anasoma 😩

Baba Shiru, 19:40: Kifungua mimba wangu alianza darasa la kwanza 2015, Tusome ikija, ule mpango wa serikali wa kusoma. Sauti kwanza, b na a, ba. Mwaka haujaisha akawa ananisomea maandishi ya matatu stejini. Huyu mdogo tukapeleka akademi. Serikali inasema mpaka Gredi 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo, na huku mjini ni Kiswahili. Lakini tuliposikia "Kizungu toka PP1", yaani toka chekechea, tulikimbia na karo mkononi.

Mama Kevo, 19:42: Unamlaumu nani sasa?

Baba Shiru, 19:43: Mimi ndiye nilikimbia mbele yenu nyote.

Mama Kevo, 19:50: Barua iko tayari. Kila mtu atume 50 ya kuchapisha kwa namba yangu.

Baba Chebet, 19:51: Na ile pesa tulikutumia ya lango la ploti?

Mama Neema, 19:51: 🙈

Mama Kevo, 19:53: Lango haliingii hapa. Lango liko kwa fundi.

Mama Tito, 19:55: Tangu Pasaka ya mwaka juzi. Analipaka dhahabu?

Mama Kevo, 19:56: Mama Tito, wewe hata hukutoa.

Mama Tito, 19:58: *Ujumbe huu umefutwa*

Shosho, 20:22: Nimesoma yote. Pole pole, lakini nimesoma. 1979 Moi aliposema watu wazima wasome, mimi nilienda ngumbaru na mtoto mgongoni. Mwalimu aliandika ma me mi mo mu kwa ubao, tukaimba, kisha akafuta moja akauliza ni gani imeenda. Nikirudi nyumbani nilikuwa naitafuta ma kwa mfuko wa unga wa mahindi. Hakuna aliyeniambia em wala ei. Msiende kumi mkampigie mwalimu kelele, naye ni mtoto wa watu. Waende wawili na hilo daftari. Na hiyo pesa, Mama Kevo, usichukue.

Baba Shiru, 20:40: Sawa Shosho.

Mama Neema, 20:41: Asante Shosho.

Mama Kevo, 21:02: Sawa Shosho. Basi mimi na nani?

Mama Kevo, 21:15: Baba Shiru?

Baba Shiru, 21:50: Ijumaa niko Molo kwa viazi. Jumatatu naweza.

Mama Kevo, 21:51: Jumatatu watoto wako likizo fupi!!

*Jumatano*

Baba Otis, 05:47: Habari za asubuhi. Kwa hivyo lango limepatikana?

Mama Neema, 06:10: Nimemjaribu wangu akingoja basi la shule. "Kiti" ameandika k na t, basi. Mama Kevo, Ijumaa naweza saa tisa nikifunga kibanda. Saa nane sitawahi.