Napaua wiki ijayo: paa la nyuzi 15 au 30? Mbao nalipia Ijumaa

Mjengo_Polepole
Habari za saa hizi wakuu. Boma langu limefika lenta (ukanda wa zege juu ya kuta), vyumba vitatu na sebule, na Mungu akipenda wiki ijayo naanza kupaua. Fundi wangu anasema nyuzi 15 za mwinuko zinatosha kabisa na mbao nitaokoa nyingi. Jana shemeji alikuja site, akaangalia, akasema paa la chini hivyo ni la godauni, nyumba ya kuishi isishuke chini ya 30. Sasa nina orodha mbili za mbao mkononi na tofauti ya bei inauma. Mliokwisha kupaua, niende na ipi?

Nyundo ya Korogwe
Mkuu, hapo hujauliza bado. Bati gani: mawimbi, migongo mipana au msauzi? Uko mkoa gani? Nyumba ina upana gani? Kutaja nyuzi bila kutaja bati ni kama kuuliza dozi bila kusema unaumwa nini.

Mama Pili
Na umbo la paa je? Mgongo wa tembo (pande mbili) au kona nne (pande nne)? Hesabu ya mbao haifanani hata kidogo.

Zege_Kavu
Nyuzi 30, hakuna mjadala. Juu panakuwa na nafasi, joto haligandi kwenye dari, na nyumba inaonekana nyumba. Mimi nimepaua 30 Kibaha, sebuleni mchana watu wanakaa bila feni.

Mjengo_Polepole
Samahani wakuu. Bati ni msauzi, unene wa geji 28. Niko Muheza, mkoa wa Tanga. Umbo ni mgongo wa tembo.

Nyundo ya Korogwe
Afadhali, ingawa upana bado hujasema. Msauzi lina ngazi-ngazi, yale mapande yanayoiga vigae. Maji yakiteremka hugota kila ngazi na kupungua kasi, ndiyo maana linataka mwinuko kuliko migongo mipana. Migongo mipana huweza kushuka hadi nyuzi 5 likiwa bati moja refu lisilo na muungano. Msauzi, viwanda vingi huweka kikomo cha chini karibu na nyuzi 15. Kwa hiyo fundi wako hajakudanganya, lakini amekupeleka mpakani kabisa, na Muheza masika yake tunayajua. Ingekuwa nyumba yangu ningeweka 20 hadi 25.

Mama Pili
Mwanangu, ngoja nikueleze yaliyoipata nyumba ya mama yangu mzazi, ujue unachokwenda kulipia.

Ilikuwa bati hilo hilo la msauzi, rangi ya udongo, zuri kweli. Fundi alilaza paa ili mbao zitoshe bajeti, nadhani halikufika hata nyuzi 12. Bati zililetwa fupi, kila upande zikaungwa mbili. Kiangazi chote raha tupu. Masika ya kwanza, upepo wa kusi ukaanza kupiga mvua kwa ubavu, na dari ya jipsamu ikatoka doa la kahawia juu ya kitanda chake. Fundi akaja, akapaka silikoni kwenye misumari, akaondoka. Mvua iliyofuata doa likahamia koridoni. Akaja tena, akapaka lami kwenye kofia, bati la kileleni. Usiku mmoja jipsamu ikalowa hadi ikashuka yote, na bahati mama alikuwa kwetu.

Tukatafuta fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu. Hakushika silikoni. Alipanda na ndoo ya maji siku ya jua, mtu mmoja akabaki darini na tochi. Akaanza kumwaga chini karibu na fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa), kidogo kidogo akipanda. Chini kukavu. Alipofika kwenye muungano wa bati mbili, wa darini akapiga kelele: maji yanapanda kinyumenyume, yanaingia katikati ya bati mbili zilizolaliana, yanadondokea ndani. Walipopima, bati zilikuwa zimelaliana chini ya upana wa kiganja. Na papi moja (mbao inayopigiliwa bati) ilikuwa imepinda, kwa hiyo pale bati lilikuwa karibu tambarare, maji yanakaa.

Tulifumua upande mzima, tukainua kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), tukaagiza bati zilizokatwa kiwandani kwa urefu mmoja kutoka kofia hadi gata (mfereji wa maji ya paa). Gharama ilizidi mara nyingi zile mbao alizookoa. Mpaka leo nikiona paa la msauzi lililolala namwonea huruma mwenye nyumba.

Zege_Kavu
Shikamoo mama. Umemaliza kila kitu, ni 30.

Mama Pili
Marahaba mwanangu. Lakini sikusema 30. Nimesema lisilale, na bati lisiungwe kama linaweza kukatwa refu.

Mjengo_Polepole
Mama nashukuru sana, hilo la kuungwa sikulijua. Upana wa nyumba ni mita 9. Ila shemeji anasema paa lililoinuka ndilo hung'olewa na upepo, sasa yeye mwenyewe anataka 30. Nachanganyikiwa.

Mhandisi wa Mitaani
Kwenye upepo shemeji kageuza. Paa lililolala ndilo hufyonzwa zaidi: upepo ukipita juu yake huacha mvuto unaolinyanyua bati, hasa kwenye kona na ukingoni. Paa la nyuzi 30 upande unaopigwa na upepo husukumwa chini zaidi kuliko kunyanyuliwa. Kinachong'oa paa mara nyingi ni kenchi zisizofungwa kwenye lenta. Muulize fundi wako: nondo au waya wa kufungia kenchi ulizamishwa kwenye zege la lenta? Kama hapana, hilo lishughulikie kabla ya kubishana nyuzi.

Kwa upana wa mita 9, kutoka lenta hadi kileleni:
nyuzi 15 ni kama mita 1.2
nyuzi 20 ni kama mita 1.64
nyuzi 30 ni kama mita 2.6

Bati la upande mmoja, ukitokeza sentimita 60 nje ya ukuta, ni mita 5.28 kwa nyuzi 15, 5.43 kwa 20, na 5.89 kwa 30. Kwenye bati tofauti ya 15 na 20 ni ndogo mno. Pesa inakwenda kwenye nguzo za kenchi na kuta za pembetatu kule mwisho wa nyumba, na hizo kwa 30 ni zaidi ya mara mbili ya 15.

Nyundo ya Korogwe
Umenena. Na akitaka kumkagua fundi bila kifaa: apime mita moja ya usawa, kisha mwinuko. Sentimita 27 ni nyuzi 15, 36 ni 20, 58 ni 30.

Jirani wa Kilifi
Mimi niko Kilifi karibu na bahari. Huku kinachotumaliza si mwinuko, ni chumvi. Misumari hushika kutu kabla ya bati. Wewe Muheza uko ndani kidogo, lakini nunua misumari yenye mpira mzuri na ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanapopita.

Zege_Kavu
Lakini joto jamani, mbona hamlizungumzii? 20 dari itaungua.

Mhandisi wa Mitaani
Joto litoe kwa matundu ya hewa kwenye pembetatu na chini ya ukingo wa paa. Paa la 30 lililozibwa kila upande nalo ni tanuri.

Zege_Kavu
Langu halina matundu na hatuoni joto.

Mama Pili
Mjengo, utavuna maji? Muheza ukikosa kuvuna maji ya mvua ni dhambi.

Mjengo_Polepole
Ndiyo mama, nina tenki la lita 5,000. Paa likiinuka maji yanaongezeka?

Mhandisi wa Mitaani
Hapana, kinachohesabika ni eneo linalofunikwa chini. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako likifunika mita za mraba 120, mvua ya milimita 10 ni karibu lita 1,200, kasoro zinazoruka. Ila paa likiinuka sana maji huja kwa kasi na kuruka gata, kwa hiyo weka gata pana.

Mjengo_Polepole
Asanteni nyote. Nitamwambia fundi aniandikie orodha ya tatu ya nyuzi 20 nione bei, na bati nitaulizia kiwandani kama wanakata mita tano na nusu. Shemeji bado hajakubali.

Jirani wa Kilifi
Kabla hujalipa, hizo mbao zimetiwa dawa au ni mbichi? Mchwa wa Tanga nawajua.