Mtoto akianguka hesabu: tumtoe ao tumbakize?

Mama wa Nguba: Wandugu, naomba mawazo yenu. Kijana wangu anamaliza mwaka wa 8. Hesabu ameleta 34 kwa 100, masomo mengine yote amepita 60. Shule imetuma karatasi ya kuchagua opsioni, yaani tawi la masomo ya sekondari, na prefe, mkuu wa shule, ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: asiende sayansi. Toka aisome, mtoto hafungui tena daftari la hesabu. Ananiambia, "Mama, wamekwisha kuamua." Na huyu toka utoto anataka kuwa fundi wa umeme. Ni haki kumfungia mtoto wa miaka 14 mlango kwa sababu ya somo moja? Karatasi inarudi shuleni Ijumaa.

Muzee Cimpunda: Pole mama. Lakini tuambiane ukweli. Nimelea watoto na wajukuu hapa Bukavu, na mwenye kichwa cha hesabu unamtambua mapema. Hesabu ilikuja na wazungu. Wengine iliwaingia, wengine iliwakataa. Kumlazimisha ni kumvunja moyo, huku wewe unalipa. Ile shule ya bure ya 2019 iliishia msingi, sekondari bado minervali, ile karo ya shule, ni jasho lako. Kuna kazi zisizo na hesabu. Mpeleke ushoni, atakula.

Fundi wa Kadutu: Shikamoo Muzee, lakini hapo umenigusa. Ushoni hauna hesabu? Mteja ana nyonga 104. Nagawanya kwa 4, napata 26, naongeza sentimita 1 nguo isimbane. Ameleta kitenge cha yadi 6, anataka blauzi, sketi na kilemba, na maua yote yatazame juu. Nikikosea kukata, kitambaa cha mtu kimekufa, nalipa mimi. Mwanafunzi ninayemkataa wa kwanza ni yule mzazi anayemleta akisema "huyu ameshindwa shule". Atelie si jalala.

Muzee Cimpunda: Sikusema jalala. Nazungumzia hesabu ya shule. Hiyo ya kupima na kugawanya hata mama wa soko anaijua bila kufundishwa.

Yaya Nyawera: Basi umejijibu mwenyewe, Muzee! Kule Brazili, mji wa Recife, watafiti waliwafuata watoto wanaouza sokoni, wakaandika habari zao 1985. Mmoja aliulizwa: nazi moja ni 35, kumi ni bei gani? Hakuongeza sifuri kama tunavyofundishwa. Alisema tatu ni 105, tatu tena ni 210, akaendelea hivyo mpaka 315, kisha 350. Hesabu za sokoni walipata 98 kwa 100. Walipopewa hesabu za aina ileile kwenye karatasi, namba tupu, walishuka mpaka 37. Kichwa ni kilekile! Kilichobadilika ni karatasi. Mama, mtume huyo kijana sokoni na noti ya dola 20, arudishiwe franga, uone kama atapunjwa.

Mwalimu wa Bagira: Watoto wenyewe walikuwa watano, Yaya. Watano! Na huyo wa nazi akikutana na x atajumlisha tatu tatu mpaka lini? Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, ina saa yake. Sokoni hakuna namba hasi.

Yaya Nyawera: Hakuna hasi? Na deni ni nini, Mwalimu? Waulize mama zetu wanaokopa samaki asubuhi na kulipa jioni. Tena mniache niseme: kuna walimu wanaofundisha nusu darasani, nusu nyingine wanaiuza jioni nyumbani kwao. Mtoto asiye na pesa anabaki na nusu, halafu anaandikiwa nyekundu.

Finalisti Panzi: Mimi nilikwama kwa Muzee aliposema hesabu ilikuja na wazungu. Muzee, mfupa wa Ishango ulitoka wapi? Ni hapa kwetu Kivu, Semliki inapotoka kwenye ziwa Edouard. Mbelgiji de Heinzelin aliuchimbua 1950, sasa uko Brussels, na una miaka kama 20,000. Una safu tatu za mikato. Safu moja ni 11, 13, 17, 19. Jumlisha: 60. Nyingine ni 11, 21, 19, 9. Jumlisha: 60 tena! Wazungu gani walikuwa Ishango?

Muzee Cimpunda: Mikato kwenye mfupa si aljebra, mwanangu. Huenda alihesabu samaki wake. Na ya tatu?

Finalisti Panzi: 48. Na kuhesabu samaki si hesabu?

Mwalimu wa Bagira: Mfupa uacheni, nimjibu Yaya, kwa sababu neno "kuuza" limeniuma. Mshahara unachelewa, na darasa limejaa hata kupita kati ya madawati siwezi. Wako wanaouza, siwatetei. Lakini mniambie nani anakaa kutazama mtoto amekosea *wapi*? Tazameni: 3 − 2(x − 4) = 7. Mtoto anaandika 3 − 2x − 8 = 7, halafu anakwenda vizuri kabisa mpaka x = −6. Sifuri. Kumbe mstari mmoja tu ndio umeharibika: ile alama ya kutoa mbele ya mabano. Ilitakiwa + 8, na x inakuwa 2. Mtoto huyo anaweza kurudia kosa hilo mwaka mzima, na buletini, ile karatasi ya matokeo, ikasema hana kichwa. Mama, toa mitihani yake yote. Msitazame jibu la mwisho. Zungushieni duara mstari wa kwanza ulioharibika. Kesho yake afanye upya bila kuchungulia. Na kila jioni aanze na moja anayoiweza, mkono upate moto.

Mama wa Nguba: Tulikaa jana usiku na tochi. Mwalimu, mabano ni kweli, yamo karibu kila karatasi. Lakini kuna jingine: maswali ya maneno ameyaacha matupu yote. Nilimsomea moja kwa Kiswahili, akalijibu nikiwa bado namalizia kusoma.

Yaya Nyawera: Mnaona! Miaka ya kwanza ya shule ya msingi anafundishwa kwa Kiswahili, halafu ghafla Kifaransa, na hakuna aliyerudi nyuma kumchukua.

Muzee Cimpunda: Sawa. Na siku ya Exetat nani atamsomea kwa Kiswahili? Wewe?

Finalisti Panzi: Muzee, mimi nilikuwa hivyohivyo na sasa niko sayansi. Nilikuwa nasoma swali, nafunika karatasi, namwelezea mdogo wangu. Akielewa yeye, naanza kuandika.

Muzee Cimpunda: Wewe ni wewe. Mama ndiye anayelipa, tena akianguka mwaka wa kwanza analipa mara mbili.

Mwalimu wa Bagira: Hatari hiyo ipo, Muzee, sikatai. Mama, usitie sahihi kabla ya kumwona prefe uso kwa uso, na uende na hizo karatasi zenye duara.

Yaya Nyawera: Na masomo ya jioni atakulipa bei gani, Mwalimu?

Mwalimu wa Bagira: Hakuna bei. Jumamosi saa 4 asubuhi nitakuwa Bagira. Alete mitihani yote, hata ile aliyoichana.