Kuzunguka ziwa la bustani ya jiji kwa miguu (km 9) baada ya mvua: muda, viatu na matope

Kivulini
Habari za leo wakuu. Jumamosi nataka kuzunguka ziwa lililo ndani ya bustani ya jiji. Kibao cha langoni kinasema mzunguko mzima ni km 9, na kwenye ramani vilima vyote vikijumlishwa vinafika mita 120. Karibu njia yote iko chini ya miti, na sehemu nyingine inapita ukingoni kabisa mwa maji. Mvua imenyesha siku nne mfululizo. Nina raba za kukimbilia na soksi za pamba. Nitenge muda gani? Raba zitafaa? Na nikikuta tope limetanda njia nzima nipite wapi? Jua linazama saa 12 na nusu jioni, nami nilipanga kuanza saa 10.

Hatua_Moja
Saa 10 umechelewa mkuu. Piga hesabu kwa kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892, bado inatumika: saa moja kwa kila km 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Km 9 ni saa 1 na dakika 48, mita zako 120 ni dakika 12. Jumla saa 2 kamili.

Hiyo ni njia kavu na mtu asiyesimama. Kwenye tope na mizizi iliyolowa mwendo hushuka hadi km 3 kwa saa. Tuseme theluthi ya njia iko hivyo, yaani km 3: zitakula saa nzima badala ya dakika 36, ongeza 24. Weka na nusu saa ya kupumzika na kunywa maji. Unakaribia saa 3. Ukianza saa 10 unamaliza karibu saa 1 usiku, na chini ya miti giza huwahi kuingia, nusu saa kabla ya jua kuzama huoni tena mzizi uliolala chini ya majani. Anza saa 8 mchana. Saa 9 ndiyo mwisho. Beba tochi ya kichwani hata hivyo, mikono ibaki huru na chaji ya simu ibaki kwa ajili ya ramani.

Jambo moja linalowapoteza wengi: ukizunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, maji yako mkono wa kulia muda wote. Lakini kijito kinapoingia ziwani ardhi ni ya chini na imejaa maji, kwa hiyo njia halisi huacha ukingo, hupanda hadi darajani, kisha hurudi. Hapo utaona kijinjia kinachoendelea kufuata maji. Mara nyingi ni cha wavuvi, kinaishia kwenye matete. Usikifuate.

Kamba_Mbili
Kuhusu raba, zigeuze utazame soli. Meno yakiwa na kina cha mm 4 hadi 5 na yameachana, tope linadondoka lenyewe unapotembea. Yakiwa mafupi na yamebanana, udongo wa mfinyanzi unajaa katikati na baada ya hatua kumi unatembea juu ya kitu laini kama sabuni.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni soksi. Pamba hunyonya jasho na maji ikabaki nayo, ngozi inalainika, msuguano unafanya kazi yake na lengelenge linatoka. Vaa sufu nyepesi au poliesta, na jozi ya pili uifunge kwenye mfuko usiopitisha maji. Ukihisi joto sehemu moja ya mguu, simama papo hapo ubandike plasta. Likishajaa maji umechelewa.

Kamba nazo: kwenye matundu mawili ya mwisho juu, usivushe kamba upande wa pili kwanza. Ingiza kila kamba kwenye tundu la upande wake, acha kitanzi kidogo, halafu pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, ndipo ufunge. Kisigino kinakaa, na kwenye mteremko vidole havigongi mbele.

Mzizi uliolowa ruka, usiukanyage. Mbaya zaidi ni ule uliokata njia kwa mshazari, kwa sababu unausukuma mguu pembeni. Kama hakuna budi, weka wayo mzima juu yake na usijisukume nao. Madaraja ya mbao yenye ukungu wa kijani ni hivyo hivyo: hatua fupi, uzito ushuke wima, bila kugeuka ghafla.

Mlinda_Njia
Tope: pita katikati. Tafadhali sana. Najua kila mtu anakwepa pembeni kulinda viatu, na ndivyo njia ya mita moja inavyogeuka mita nne. Majani ya ukingoni yanakufa, udongo unashindiliwa hadi maji hayazami tena, dimbwi linapanuka, na anayekuja nyuma anakwepa mbali zaidi. Mizizi iliyokuwa imefunikwa inabaki wazi, na mvua inayofuata inasomba udongo wote hadi ziwani. Viatu vitaoshwa jioni hiyo hiyo, ukingo ulioliwa hauponi kwa msimu mmoja.

Namna ya kupita: chukua kijiti, pima kina kabla ya kuingia. Kama hakifiki kifundo cha mguu, pita polepole na unyanyue mguu kwa kutanguliza kisigino ili kiatu kisibaki humo. Ila kama ni ziwa lenyewe limepanda juu ya njia, au maji yanakwenda kwa kasi, rudi ulikotoka. Kilichofungwa kwa kamba au kibao nacho usikivuke.

Kivulini
Ahsanteni sana. Nitaanza saa 8 na nimeshatafuta soksi nyingine. Niongeze mawili: nitakuwa na mbwa, naye anapenda maji. Na je, nitegemee simu kujua nimefika kilomita ya ngapi?

Hatua_Moja
Simu itakudanganya kidogo. Chini ya miti minene mawimbi ya setilaiti yanazibwa na kugonga vitu, alama yako inarukaruka kulia na kushoto, na miruko hiyo yote inahesabiwa kama mwendo. Km 9 zinaweza kusomeka zaidi. Pakua ramani kabla hujatoka nyumbani, kisha fuata vibao vya njia panda.

Mlinda_Njia
Mbwa mfunge kamba karibu na maji. Ukiona maji yana utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, hasa kwenye kona ambako upepo unayasukuma, asiyaguse kabisa. Ni bakteria wanaoitwa mwani wa kijani-buluu, na baadhi yao hutoa sumu ya ini na mishipa ya fahamu. Kuchemsha maji hakuiondoi. Mbwa huwahi kudhurika kwa sababu hulamba manyoya yake akishatoka, kwa hiyo akiingia, msuuze hapo hapo kwa maji safi ya chupa.

Mkirudi mkague kupe masikioni, makwapani na kati ya vidole, nawe jikague nyuma ya magoti. Kupe mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kupinda wala kumpaka mafuta.