Mafundi wa modemu Mombasa, acheni kusingizia mtandao!

Jamani, tabia hii imezidi. Mteja analeta modemu ya USB isiyoshika intaneti, fundi anatazama taa, anatikisa kichwa, "leo mtandao mbaya", kisha anamuuzia nyingine. Terminali, programu ya kuiandikia modemu amri, hata hakuifungua! Modemu ukiiuliza hujibu. Nyinyi hamuulizi.

Haya, ichomeke. Kwenye Linux andika lsusb, itaorodhesha vifaa vya USB. Huawei za zamani zikionyesha 12d1:1446, hiyo bado inajifanya CD, haijawa modemu. Igeuzeni kwa usb_modeswitch, ndipo zitokee ttyUSB0, ttyUSB1 na wenzake. Kwenye Windows, namba ya COM iko Device Manager. Fungua kwa PuTTY au minicom: 115200, biti 8, bila pariti, stopu 1. Na wale wanaotoza pesa "kuongeza spidi" kwa kubadilisha hiyo 115200, huo ni wizi mtupu. Kwa modemu ya USB namba hiyo ni ya kujaza fomu tu.

Andika AT, amri ya kuiita modemu. Isipojibu OK, ama umeingia poti isiyo yake, maana modemu moja hutoa poti mbili tatu, ama kuna programu nyingine imeikalia. Kwenye Linux mshukiwa wa kwanza ni ModemManager, programu inayosimamia modemu kimyakimya. Kwenye Windows ni ile programu iliyokuja na modemu yenyewe, na hitilafu 633 (modemu inatumika tayari) mara nyingi ndiyo hiyo. Ifungeni kabisa, si kuipunguza tu chini ya skrini. Ujumbe wa ^RSSI, wa nguvu ya mawimbi, ukikurukia katikati ya kuandika, Huawei hunyamazishwa kwa AT^CURC=0.

Kisha AT+CPIN?, kuuliza kama laini iko tayari, na ungoje READY. Ikisema SIM PIN, muulizeni mwenye laini, msibahatishe! PIN ikikosewa mara tatu laini inadai PUK, namba ya kuifungulia, na PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa. AT+CREG? huuliza usajili kwenye mtandao: ikijibu 0,1 imesajiliwa, 0,2 bado inatafuta, 0,3 imekataliwa. Hiyo 0,3 mara nyingi haiponi kwa kununua modemu mpya.

AT+CSQ, ya kupima nguvu ya mawimbi, ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu hapa ndipo "mtandao mbaya" ungethibitishwa au kukanushwa. Namba ya kwanza huenda 0 hadi 31, na 99 maana yake haijulikani. Zidisha kwa mbili, toa 113, umepata dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi: 10 ni -93. Chini ya 10 msitarajie makubwa. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe, modemu nyuma ya kompyuta chumba cha ndani itasikia nini? Ipelekeni dirishani kwa kebo ya USB isiyozidi mita 5, na iwe nzito. Kebo nyembamba za bei poa hupunguza umeme, modemu ikianza kurusha mawimbi inazima na kuwaka, nanyi mnasema imeungua. Na wateja wa karibu na bahari, angalieni kwanza vidole vya shaba vinavyogusa laini. Chumvi huvipaka ukungu wa kijani. Spiriti na kijiti cha pamba vinatosha.

Sasa APN, jina la lango la intaneti la kampuni ya simu. Kwa Safaricom ni AT+CGDCONT=1,"IP","safaricom", jina la mtumiaji saf, nywila data. Halafu ATD*99#, amri ya kupiga, na inajibu CONNECT. Hapa ndipo wengi hupiga makofi mapema. Modemu nyingi hujibu CONNECT hata APN ikiwa mbovu, kosa hujitokeza baadaye.

Baada ya CONNECT skrini inajaa ~ na } na herufi za ajabu. Si virusi! Ni PPP, lugha ya kuunganisha intaneti, upande wa pili unataka kuelewana, na terminali haijui lugha hiyo. Ukiiachia muda itakata kwa NO CARRIER, kisha mtu anaandika eti "modemu inakata yenyewe". Terminali ni ya kupima. Ukimaliza, ifunge, kazi ya kupiga wape wvdial au pppd, programu za kuunganisha, na weka usepeerdns ili ipokee anwani za kutafsiri majina ya tovuti, la sivyo ping kwa namba itapita na tovuti hazitafunguka.

Mkimwambia mteja modemu imekufa, mwandikieni kwenye risiti majibu ya AT, CPIN, CREG na CSQ. Msipoyaandika, rudisheni pesa zake.