Wazee hawajakataa chanjo ya Korona, mmewafungia mlango

Wakuu, naandika Mei hii ya 2021 nikiwa na hasira na sitaki kusubiri ipoe, maana ikipoa nitaanza kulainisha maneno, na jambo hili halistahili kulainishwa.

Jana jioni tumetangaziwa kwamba mwitikio wa wazee kwenye chanjo ni mdogo, kwa hiyo umri unashushwa ili dozi zisikae bure. Mwitikio mdogo! Mama yangu alikuwa amekaa pembeni yangu wakati tangazo linasomwa. Hakusema kitu. Alinyanyuka akaenda kulala saa mbili usiku, mtu ambaye huwa hakosi taarifa ya habari mpaka mwisho.

Mama amezaliwa Agosti 1943. Ana kisukari, ana presha. Tangu Machi mwaka jana wajukuu wake wanamsalimia kwa dirishani. Desemba 8, tulipoonyeshwa kwenye televisheni yule bibi wa Coventry kule Uingereza, Margaret Keenan, miaka 90, akichomwa sindano, mama aliniita nikimbie nikaone. "Wameanza na wazee," akasema. Akarudia tena wakati wa chakula. Kwa mwaka mzima alikuwa anasikia wazee wakitajwa kwenye hesabu za vifo tu, na siku hiyo akasikia wanatajwa wa kwanza kwenye jambo la heri. Kwa hiyo mtu asije kuniambia mama yangu hajaitikia. Aliitikia kabla hata dozi hazijafika.

Sasa niwaeleze alivyozuiwa.

Usajili ulipofunguliwa, njia ilikuwa moja: tovuti. Ukipiga namba ya simu waliyotoa, unasikilizishwa muziki. Mara ya kwanza nilisubiri dakika 47, simu ikakatika. Mara ya pili alipokea binti mmoja mpole sana, nikamweleza kila kitu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Ingia kwenye tovuti." Nikamwambia nimepiga kwa sababu tovuti imenishinda. Akasema hata yeye hana uwezo wa kumwandikisha mtu, kazi yake ni kuelekeza watu kwenye tovuti. Binti simlaumu hata kidogo. Aliyemweka pale bila uwezo wowote ndiye mwenye kesi.

Haya, tovuti. Inafunguliwa saa sita usiku, ndipo nafasi za siku zinazofuata zinapowekwa. Saa sita usiku, kwa huduma ya watu wa miaka 65 na kuendelea!

Ukifika kwenye tarehe ya kuzaliwa, huruhusiwi kuandika. Inafunguka kalenda ndogo, imesimama Mei 2021, na pembeni kuna mshale wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Fanyeni hesabu. Kutoka Mei 2021 hadi Agosti 1943 ni miezi 933. Nilibonyeza mshale ule mara mia tisa na kitu, kidole kikafa ganzi, nikapitiliza mpaka 1942, nikarudi mbele. Nilipomaliza kurasa zilizofuata, maandishi mekundu yakatokea: muda wako umeisha, anza upya. Ukurasa unajifunga baada ya dakika 10. Kijana aliyezaliwa 2000 anafika kwenye mwaka wake mapema na muda unambakia. Kadiri unavyokuwa mzee, ndivyo fomu inavyokuchelewesha. Hiki ni kitu cha kuwahudumia wazee, na hakuna hata mtu mmoja aliyekaa akakijaribu kwa umri wa mzee. Baada ya siku mbili mpwa wangu ndiye aliyegundua kwamba ukigusa ile namba ya mwaka juu kabisa, inafunguka orodha ya miaka. Hakuna alama, hakuna maelezo. Nawawekea hapa ili angalau mwingine asiteseke.

Ukitoka hapo kuna namba ya uthibitisho, tarakimu sita, inatumwa kwa meseji. Inadumu dakika mbili. Kwangu ilikuwa inafika baada ya dakika tano. Usiku wa kwanza nilipokea namba nne, zote zimeshakufa.

Kisha barua pepe. Ni lazima. Mama hana barua pepe, hajawahi kuwa nayo. Nikaweka yangu, ikakataliwa kwa kuwa nilishaitumia kumwandikisha shangazi, na barua pepe moja ni mtu mmoja. Kwa hiyo saa sita na nusu usiku nikakaa kumfungulia anuani ya barua pepe mama wa miaka 77 aliyekuwa amelala chumba cha pili. Ikumbukeni hiyo anuani, nitairudia.

Usiku wa tatu nikapata. Ukichagua kituo, siku na saa, ukabonyeza thibitisha, mara nyingi inakuambia nafasi hii imeshachukuliwa. Ilinitokea mara kumi na moja, nilikuwa nahesabu kwenye karatasi. Ya kumi na mbili ikakubali. Jumanne, saa tatu asubuhi. Nililia, siwafichi. Mtu mzima nimekaa gizani nalia kwa sababu kompyuta imeniambia ndiyo.

Asubuhi nilimwambia mama. Akachagua gauni la mikono mifupi ili mhudumu asihangaike kumpandisha nguo. Alilipiga pasi Jumatatu usiku, akalitundika nyuma ya mlango. Kitambulisho, kadi ya kliniki na karatasi yenye namba ya kumbukumbu akavitia kwenye mfuko mmoja, akavikagua mara mbili. Tulifika kituoni saa mbili na robo.

Mlinzi akaangalia orodha. Jina halimo. Akaja mhudumu na orodha nyingine, nalo halimo. Mwisho akatoka msimamizi, akaangalia kwenye kompyuta yake, akasema tarehe ya mama imesogezwa na taarifa ilishatumwa. Imetumwa wapi? Kwenye barua pepe. Ile ile niliyoifungua saa sita na nusu usiku ili fomu iridhike, ambayo mama hawezi kuisoma na mimi sikuifungua tena, kwa sababu ujumbe wa kwanza kabisa, ule wa kukubaliwa, ulikuja kwa meseji. Namba ya simu wanayo. Wameitumia kunithibitisha. Kumwambia mzee asije, wakaona watume barua pepe.

Nikauliza imesogezwa mpaka lini. Akasema bado, hali inasomeka "inasubiri uthibitisho".

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, ameegemea ukuta kwa kuwa viti vilikuwa vya walio kwenye orodha. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameshautoa kwenye sweta, yuko tayari. Niliporudi kumweleza, akaurudisha mkono ndani taratibu, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. "Twende," akasema. "Kama hawana, hawana."

Mimi uhaba naujua, na sigombani na uhaba. India ndiko zinakotengenezwa dozi nyingi za chanjo ya AstraZeneca zilizotegemewa na COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo, na tangu Machi maambukizi yalipowalipukia wamebana kupeleka nje. Wagonjwa wao wanakosa oksijeni, siwezi kuwalaumu kwa kujitazama wao kwanza. Dozi zikiwa chache, tarehe zitasogezwa. Hilo mtu yeyote anaelewa, mama yangu alilielewa palepale ukutani. Lakini sikilizeni kilichotokea siku hiyohiyo.

Kichupa kimoja cha AstraZeneca kina dozi 10. Kikishafunguliwa, kinatakiwa kitumike ndani ya saa 6, kinachobaki kinatupwa. Kwa hiyo kila jioni, kama waliopangiwa hawakufika wote, zinabaki dozi za kutafutiwa watu haraka. Jioni ya Jumanne hiyo kijana wa jirani yetu, miaka ishirini na kitu, mzima wa afya, alipigiwa simu na rafiki yake anayefanya kazi pale kituoni. "Wahi, zimebaki mbili." Akawahi, akachanjwa, akarudi kunisimulia kwa furaha bila kujua yaliyotupata asubuhi. Kumwaga dozi ni dhambi, heri achanjwe yeye kuliko itupwe. Ila karatasi ya mama, yenye umri wake, magonjwa yake na namba yangu ya simu, ilibaki mezani kwa msimamizi tangu asubuhi. Tunakaa dakika ishirini kutoka pale. Ingechukua simu moja tu. Wamerudisha wazee wangapi asubuhi ile? Mimi niliwaona kwa macho yangu wanne, mmoja ana mkongojo. Hao ndio walipaswa kuwa orodha ya jioni, kwa mpangilio wa umri, iandikwe na ibandikwe. Badala yake orodha ya jioni imo ndani ya simu ya mtu, na ili uwemo ni lazima mjuane.

Kwenye nchi nyingine kujuana huku kumeondoa watu ofisini. Februari 2021 waziri wa afya wa Argentina, Ginés González García, ilimbidi ajiuzulu baada ya kubainika kwamba kuna watu waliopitishwa mlango wa pembeni. Peru nako ikafichuka kwamba rais wa zamani, Martín Vizcarra, alichanjwa kimyakimya kabla ya wananchi. Kituo chetu ni kidogo, hakuna rais aliyepita pale. Kwa mzee aliyerudishwa getini maumivu ni yaleyale.

Najua kuna atakayekuja kuniambia: wewe mtoto umsaidie mzazi wako, teknolojia ndiyo dunia ya sasa. Nimemsaidia! Usiku tatu! Nina kompyuta, nina intaneti, nasoma na kuandika siku nzima kazini, na nimeshindwa. Sasa nifikirie mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Anaishi peke yake, mke alishafariki, watoto wako mbali, ana simu ndogo ya vitufe ambayo anapokelea tu. Huyo hajawahi hata kuiona hiyo kalenda. Kwenye mfumo wao hayupo, hajaomba, hajakataliwa, hajasogezewa tarehe. Na ule ukimya wake ndio jana umesomwa hadharani kama "mwitikio mdogo". Nilimfuata leo asubuhi nikamuuliza kama anataka chanjo. Akaniuliza, "Kwani zimefika?"

Haya mambo yanawezekana kufanyika vingine. Uingereza watu waliambiwa wasihangaike kutafuta, wasubiri kuitwa, wakawa wanaitwa kwa barua na simu kutoka kwa madaktari wanaowatibu, wakianza na wenye umri mkubwa. India, ambako walio chini ya miaka 45 ilibidi wapitie mtandaoni na vijana wa kompyuta wameunda programu za kunyakua nafasi ndani ya sekunde, Mahakama ya Juu yenyewe imeihoji serikali: asiye na intaneti atajiandikishaje? Hilo swali halina mtu anayeliuliza kwetu. Kliniki ya kisukari anayokwenda mama ina daftari. Wagonjwa wote wamo, na umri, na simu za ndugu. Wamchukue karani mmoja na daftari lile, waanze kupiga simu kutoka juu kwenda chini. Kwa siku tatu watakuwa wamewapata wazee wengi kuliko tovuti ilivyowapata kwa miezi miwili.

Na hapa nazungumzia dozi ya kwanza tu, jamani. AstraZeneca, kwa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani (WHO), dozi ya pili ni wiki 8 hadi 12 baadaye. Maana yake kalenda ile, meseji zile, saa sita usiku ile, tutarudi tena.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sasa mama hataki kwenda. Nimemwambia leo nitajaribu tena, akasema nisijisumbue, wapewe vijana wana maisha mbele. Miezi mitano iliyopita alikuwa ananiita nikimbie nikaone televisheni. Hakuna mhubiri wala uzushi wa mitandaoni uliomgeuza moyo, ni ule ukuta aliosimama nao kuanzia saa mbili na robo hadi saa nne kasoro. Halafu akiugua, Mungu apishe mbali, ataandikwa kwamba hakujitokeza.

Gauni bado limetundikwa nyuma ya mlango. Hajalitoa, na mimi naogopa kumuuliza.

Ninaomba msaada wenu kwa mambo mawili. Kuna yeyote ambaye mzazi wake alisogezwa na hali ikasomeka "inasubiri uthibitisho", kisha akapangiwa tarehe mpya? Ilichukua siku ngapi, na taarifa ilikuja kwa njia gani? Na kama wewe ni mhudumu kwenye kituo chochote cha chanjo na unasoma hapa, niambie ukweli: dozi za jioni kwenu anazigawa nani, na mzee anaingiaje kwenye orodha hiyo? Kesho saa kumi jioni nitakuwa pale getini na kitambulisho cha mama, na cha yule mzee wa nyumba ya tatu, amenikabidhi leo. Nitasimama mpaka wafunge. Nitaleta mrejesho.